Ukomo wa Nyumba 500 kwa Mwaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mgogoro wa Petaluma na Udhibiti wa Ujenzi wa Makazi Pembezoni mwa Majiji ya Marekani

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wasomaji wa masuala ya mipango miji huuliza kuhusu mamlaka ya halmashauri ya mji mdogo kupunguza kasi ya ujenzi wa nyumba katika eneo lake. Mfano mkuu ni Petaluma, California, kwa sababu ndiko suala hili lilikofikishwa mahakamani likiwa wazi kabisa. Miji mingine inatajwa pale inapoonyesha jambo ambalo Petaluma haikulionyesha.

Petaluma ni mji gani, na kwa nini hutajwa kila mjadala huu unapoibuka?

Petaluma uko katika kaunti ya Sonoma, takriban kilomita 64 kaskazini mwa San Francisco. Kwa muda mrefu ulijulikana kwa ufugaji wa kuku na biashara ya mayai, na watu wake wengi waliishi na kufanya kazi humo humo. Barabara kuu namba 101 ilipopanuliwa, na bei za nyumba karibu na San Francisco zilipozidi uwezo wa familia za kipato cha kati, wafanyakazi wa San Francisco na San Rafael walikubali kusafiri umbali mrefu kila siku ili wapate nyumba ya bei nafuu. Mji uliokuwa ukijitegemea ukageuka kuwa mahali pa kulala watu wanaofanya kazi kwingine, na hilo lilitokea kabla ya halmashauri kupata nafasi ya kuamua kama inalitaka au hailitaki.

Unatajwa kila mara kwa sababu ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza nchini Marekani kuweka idadi kamili ya nyumba zinazoruhusiwa kwa mwaka, kisha ukaitetea idadi hiyo katika mahakama za shirikisho na hatimaye ukashinda.

Ongezeko lilikuwa kubwa kiasi gani hata likazua hofu?

Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 10,315. Mwaka 1970 walikuwa 24,870, na kufikia Novemba 1972 makadirio yasiyo rasmi yalifika 30,500. Idadi ya nyumba zilizojengwa inaeleza zaidi kuliko idadi ya watu: mwaka 1968 zilikuwa 379 na mwaka 1969 zilikuwa 358, lakini mwaka 1970 zikapanda hadi 591 na mwaka 1971 hadi 891.

Pamoja na wingi huo, halmashauri ililalamikia aina ya nyumba na mahali zilipojengwa. Katika miaka ya 1960 hadi 1970, asilimia 88 ya vibali vya makazi vilitolewa kwa nyumba za familia moja zinazosimama peke yake. Karibu zote zilikuwa kwenye viwanja vya futi za mraba 6,000, yaani takriban mita za mraba 560, vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka upande wa mashariki wa mji. Nyumba za ghorofa na za kupangisha kwa bei ya wastani zilikuwa chache mno upande huo, ilhali katikati ya mji kulibaki nafasi tupu. Kwa maoni yangu, sehemu hii ya malalamiko ndiyo iliyokuwa na msingi imara kuliko zote, ingawa ndiyo inayosahaulika kwanza mjadala unapogeuka kuwa wa idadi tu.

Mpango wenyewe ulisema nini?

Mwanzoni mwa 1971 halmashauri ilisitisha kwa muda ujenzi na mabadiliko ya matumizi ya ardhi ili wataalamu wake wapate nafasi ya kuchunguza hali. Mpango uliotokana na uchunguzi huo ulipitishwa mwaka 1972 na ulihusu miaka mitano, 1972 hadi 1977. Ulitaka nyumba zisizozidi 500 kwa mwaka, kila nyumba ikikadiriwa kuwa na watu watatu, na vibali vigawanywe kwa usawa, kadiri iwezekanavyo, baina ya mashariki na magharibi ya mji na baina ya nyumba za familia moja na majengo ya familia nyingi. Viwanja vilivyo karibu na katikati ya mji vilitakiwa kujengwa kwanza. Mpango ulichora pia ukanda wa kijani wenye upana wa futi 200 kuuzunguka mji, ambao ujenzi haukutakiwa kuuvuka kwa angalau miaka mitano, na kwa pande za mashariki na kaskazini pengine kwa miaka 10 hadi 15.

Waendelezaji, yaani wanaojenga nyumba ili waziuze au wazipangishe, walishindania vibali kwa mfumo wa alama. Mradi ulipimwa kwa uwezo wa huduma zilizopo kuuhudumia, kama vile maji, maji taka, mifereji ya mvua, zimamoto, shule na barabara, kisha ukapimwa kwa ubora wa usanifu na mchango wake kwa mji. Asilimia 8 hadi 12 ya nyumba zilizoidhinishwa zilipaswa kuwa za watu wa kipato cha chini na cha wastani, jambo ambalo miji mingi ya pembezoni wakati huo isingethubutu kuliandika katika mpango wake.

Je, kweli zilikuwa nyumba 500 tu?

Hapana. Ukomo ulihusu miradi ya nyumba tano au zaidi. Mtu aliyejenga nyumba yake moja, au jengo la familia nne lisilo sehemu ya mradi mkubwa, hakuhesabiwa. Yeyote anayenukuu nambari 500 bila kutaja msamaha huo anaueleza mpango kuwa mkali kuliko ulivyokuwa.

Nani waliupinga, na kwa hoja zipi?

Waliofungua kesi ni chama cha wajenzi cha kaunti ya Sonoma pamoja na wamiliki wawili wa ardhi. Kwa kuwa hawakutegemea tu madai ya kupungukiwa faida, walijenga hoja juu ya katiba: kwamba kila raia ana haki ya kusafiri na kuhamia popote nchini, na kwamba mji unaopanga mapema idadi ya wageni itakaowapokea unaiminya haki hiyo. Waliongeza kuwa, kama miji yote ya eneo la San Francisco ingeiga Petaluma, nyumba zinazohitajika katika mwongo mmoja zingepungua kwa takriban robo, na wenye kipato kidogo wangeumia zaidi.

Halmashauri ilijibu kwa mambo matatu: uwezo wa mitambo ya maji taka, uhaba wa maji, na haki ya wakazi kulinda sura ya mji wao mdogo. Wakazi wenyewe walikuwa wameuunga mkono mpango huo kwa kura nyingi sana mwaka 1973.

Mahakama ziliamua nini?

Mwaka 1974 Jaji Lloyd Burke wa mahakama ya wilaya ya shirikisho aliubatilisha mpango. Aliona kwamba hoja za maji na maji taka hazikuthibitishwa. Mji wenyewe ndio ulioomba maji ya kutosha watu 55,000 pekee, na kwa hiyo haukuweza kuugeuza uhaba uliojiwekea kuwa sababu ya kuwazuia wengine. Kwake, kilichobaki ni mji kukataa kubeba sehemu yake ya ongezeko la watu wa eneo zima.

Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ya shirikisho ya Mzunguko wa Tisa iliutengua uamuzi huo. Jaji Herbert Choy, aliyeandika hukumu, alisema kwanza kwamba wajenzi na wamiliki wa ardhi hawawezi kudai mahakamani haki ya kuhama ya watu wengine ambao hawakuwa mbele ya mahakama, na hivyo hoja kubwa ya katiba ikaondolewa bila kujibiwa. Kisha akasema kuwa dhana ya ustawi wa umma ni pana kiasi cha kuruhusu mji kulinda sura yake, maeneo yake ya wazi na msongamano mdogo wa watu, na kukua kwa mwendo wa utaratibu. Hukumu hiyo iliegemea uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1974 kuhusu kijiji cha Belle Terre, New York, ulioruhusu kijiji kuweka mipaka mikali ya nani anaweza kuishi pamoja katika nyumba moja. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya wajenzi.

Je, ushindi huo una maana kwamba mahakama iliona mpango ni mzuri?

Hapana, na kosa hili la kusoma hukumu limeenea mno. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kupima madhara ya mpango kwa eneo zima si kazi ya majaji wa shirikisho, na kwamba kama jimbo linaona miji yake inaitumia vibaya mamlaka iliyokabidhiwa, bunge la jimbo ndilo lenye uwezo wa kuirekebisha.

Ramapo nayo ilitofautianaje na Petaluma?

Ramapo ni mji wa kaunti ya Rockland, kaskazini mwa jiji la New York. Badala ya kuhesabu nyumba, mwaka 1969 uliifungamanisha ruhusa ya kujenga na ratiba ya miundombinu iliyopangwa kukamilika ndani ya miaka 18. Kila eneo lilipimwa kwa makundi matano: maji taka, mifereji ya mvua, shule na viwanja vya burudani, barabara, na vituo vya zimamoto. Mwendelezaji alihitaji alama 15 kati ya 23. Aliyekosa alama angeweza kusubiri mji ujenge, au kujenga miundombinu hiyo kwa gharama yake mwenyewe.

Mwaka 1972 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliuidhinisha mfumo huo katika kesi ya Golden. Sababu yake kuu ilikuwa kwamba mwenye ardhi hakunyimwa haki ya kujenga milele, bali aliambiwa asubiri kwa muda unaojulikana. Jaji Breitel hakukubaliana na wenzake. Alisema kuwa mji hauwezi kujichukulia mamlaka makubwa namna hiyo bila bunge la jimbo kuutunukia waziwazi, na kwamba tatizo la makazi ni la eneo zima.

Udhaifu wa Ramapo ulijitokeza katika utekelezaji. Sehemu kubwa ya miundombinu iliyotoa alama haikuwa mikononi mwa mji: barabara kadhaa zilikuwa za jimbo au kaunti, na shule ziliendeshwa na bodi zake zenyewe. Ahadi ya kusubiri kwa miaka 18 ina thamani tu ikiwa aliyeitoa ndiye anayejenga. Mji uliuacha mfumo wa alama mwaka 1983.

Je, halmashauri inaweza kusitisha vibali vyote kabisa?

Kwa muda, ndiyo, ikiwa ina sababu inayoeleweka. Mwaka 1972 wapiga kura wa Livermore, mashariki mwa San Francisco, walipitisha sheria ya kuzuia vibali vya makazi hadi shule, maji na maji taka vifikie viwango walivyovitaja. Wajenzi walishtaki, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ilisema kuwa wananchi wana haki ya kutunga sheria ya aina hiyo kwa kura. Hata hivyo iliweka kipimo ambacho wengi wanakiona kuwa muhimu kuliko ushindi wenyewe: mahakama inayoipima sheria kama hiyo ikadirie athari zake na muda wake, itambue maslahi yanayogongana yakiwemo ya watu wanaoishi nje ya mji, kisha iamue kama sheria inayapatanisha maslahi hayo kwa namna ya haki.

Kuhusu fidia, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2002, katika kesi ya ziwa Tahoe, kwamba zuio la miezi 32 lililowekwa wakati mpango unaandaliwa halikuwa, kwa kuwapo kwake tu, utwaaji wa mali unaodai fidia. Hilo halimaanishi kwamba zuio la urefu wowote linaruhusiwa, na halmashauri inayoongeza muda wa zuio mara kwa mara bila kuandaa mpango wowote inajiweka pabaya.

Je, udhibiti wa ukuaji ni njia ya kuwafungia nje maskini na watu weusi?

Wakati mwingine ndiyo, na historia haituruhusu kuliepuka swali hili. Miji mingi ya pembezoni haikuhitaji kuweka ukomo wa idadi. Ilitosha kudai viwanja vikubwa, kupiga marufuku nyumba za ghorofa na kuweka kima cha chini cha ukubwa wa nyumba, na matokeo yakawa kwamba mtu wa kipato kidogo hakupata pa kuingia hata pale ambapo hakuna sheria iliyomtaja.

Kesi iliyolifichua jambo hili ilitoka Mount Laurel, New Jersey, mji ambao familia za watu weusi zilikuwa zimeishi kwa vizazi kadhaa. Wakazi hao, akiwemo Ethel Lawrence, waliomba ruhusa ya kujengewa nyumba 36 za bei nafuu, na halmashauri ikakataa. Tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, la kusini mwa kaunti ya Burlington likafungua kesi mwaka 1971. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kwamba, kwa mujibu wa katiba ya jimbo, mji unaokua hauna budi kutoa, kupitia kanuni zake za ardhi, nafasi halisi ya kujengwa kwa sehemu yake ya haki ya nyumba za kipato cha chini na cha wastani zinazohitajika katika eneo zima.

Miji ilivuta miguu. Mwaka 1983 mahakama hiyo hiyo, kwa ukali zaidi, iliwapa wajenzi silaha: mjenzi anayeushinda mji mahakamani angeruhusiwa kujenga mradi wake, alimradi sehemu ya kutosha ya nyumba hizo, kwa kawaida asilimia 20, iwe ya bei nafuu. Mwaka 1985 bunge la jimbo likatunga sheria na kuunda baraza la kusimamia wajibu huo. Sheria hiyo iliiruhusu miji ya pembezoni kulipia hadi nusu ya wajibu wake ili nyumba zijengwe katika miji mingine, ambayo mara nyingi ilikuwa maskini tayari, na mwanya huo haukuzibwa hadi 2008. Nyumba za Mount Laurel zenyewe, zilizopewa jina la Ethel Lawrence, zilianza kupokea wapangaji mwaka 2000, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Ukiiweka Petaluma kando ya Mount Laurel, utaona kwa nini majaji wa rufani waliuhurumia mpango wa Petaluma: ulikuwa na ukomo, lakini ulitenga pia sehemu kwa wenye kipato kidogo na kudai nyumba za kupangisha. Mji usiokuwa na ukomo wowote unaweza kuwa umefunga mlango wake kwa nguvu zaidi.

Je, bei za nyumba zilipanda?

Ndiyo. Watafiti waliolinganisha Petaluma na miji jirani ya Santa Rosa na Rohnert Park walikuta kwamba bei zilipanda zaidi Petaluma. Sababu moja iko katika mfumo wa alama wenyewe: mwendelezaji anayeshindania vibali vichache kwa ubora wa usanifu huongeza mapambo na ukubwa wa nyumba, na mnunuzi ndiye anayelipa. Wakati huohuo waliokosa nafasi Petaluma walielekea miji jirani, na magari yao yakaendelea kupita barabara ile ile namba 101 kwenda kazini.

Kwa nini halmashauri, kaunti na jimbo hugombana juu ya jambo hili hata wote wanapokubali kwamba nyumba zinahitajika?

Fedha ni sababu kubwa. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13, ambalo liliweka kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani na kuzuia thamani inayotozwa kodi isipande kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi jengo linapouzwa. Tangu hapo nyumba mpya ya bei nafuu huonekana, katika hesabu za mweka hazina wa mji, kama mzigo: inaleta wanafunzi, magari na maji taka, lakini kodi yake ni ndogo. Duka kubwa huleta kodi ya mauzo na halihitaji darasa hata moja. Halmashauri inayogombania maduka na kukwepa nyumba inafuata hesabu hizo, ingawa vikaoni itazungumzia mandhari na foleni.

Sababu ya pili ni uwakilishi. Diwani huchaguliwa na waliokwisha kupata nyumba. Mtu ambaye angehamia mwakani hana kura, hana kiti kwenye kikao, na mara nyingi hata yeye mwenyewe hajui kwamba uamuzi unamhusu. Jimbo hujiona kuwa ndiye msemaji wake, na ndiyo maana ugomvi hauishi.

Sheria ya jimbo imebadilikaje tangu kesi ya Petaluma?

Imeelekea upande ule ule ambao majaji wa 1975 waliuashiria. Mwaka 1980 California ilipitisha kanuni ya ushahidi kwamba mji unaoweka ukomo wa idadi ya nyumba ndio wenye jukumu la kuthibitisha mahakamani kuwa ukomo huo ni wa lazima kwa afya, usalama au ustawi wa umma, badala ya mlalamikaji kuthibitisha kinyume chake. Kila mji hutakiwa pia kuwa na sehemu inayohusu makazi katika mpango wake mkuu, ikionyesha viwanja vinavyotosha sehemu yake ya mahitaji ya eneo. Mwaka 2019 jimbo likazuia, kwa misamaha michache, miji iliyo katika maeneo yenye uhaba wa nyumba kuweka ukomo mpya wa vibali au kusitisha ujenzi wa makazi bila tishio la dharura kwa afya au usalama.

Na Petaluma yenyewe ikoje sasa?

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 59,776, idadi inayozidi kidogo wale 55,000 ambao mji uliwaombea maji zamani zile. Mvutano wenyewe umehamia kwenye mstari wa mpaka wa ukuaji ambao wapiga kura waliupitisha mwaka 1998 na baadaye wakaurefusha muda wake: nje ya mstari huo ni mashamba na malisho, na ndani yake halmashauri hupokea maombi ya majengo ya ghorofa kwenye viwanja vya katikati ya mji, ambako mpango wa 1972 ulitaka ujenzi uanzie.